Maneno Aliyoyageuza Jelle

Vita vilipoingia mwaka wa nne, wafugaji wa pande za Garissa walikusanywa ndani ya vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, ili wasipate kuwalisha mashifta, waasi waliokuwa wakipigana na serikali. Shamso binti Korane aliingizwa humo pamoja na baba yake. Alikuwa mjane, na alikuwa mtunzi. Akitunga wimbo asubuhi, jioni wanawake wanauimba huku wakisuka mikeka.

Jelle alikuwa mkalimani wa inspekta wa kambi. Kwao Wajir, shule kasoma, na kwa sababu ya kazi yake watu walimwamkia bila kumtazama usoni. Siku moja barazani alikosea neno la Kisomali, na Shamso akamsahihisha mbele ya watu wote. Jelle hakukasirika. Kesho yake alimfuata kwenye foleni ya maji.

"Wimbo wako wa mvua," alisema, "ubeti wa tatu sikuusikia vizuri."

"Mkalimani anautakia nini?"

"Mkalimani hautaki. Ninautaka mimi."

Shamso akaurudia. Ikawa desturi yao: mapipa yakijazwa, wao wanazungumza mashairi. Jelle alikuwa na kichwa cha kushika, ubeti akiusikia mara moja haumtoki. Hatimaye alituma wazee kuposa. Mzee Korane hakukataa. Alisema tu, "Tungoje vijana wangu warudi na ngamia kutoka malishoni, tuzungumze mahari."

Ngamia hawakurudi. Askari waliwakuta ng'ambo ya mpaka ulioruhusiwa, karibu na mto Tana, wakawamiminia risasi. Korane alipoletewa habari aliketi chini na kuwauliza wachungaji habari za kila ngamia kwa jina lake, kama mtu anayeulizia wanawe. Tangu siku hiyo chakula hakikumpita kooni. Haukupita muda mrefu wakamzika nje ya seng'enge, askari wakiwa wamesimama juu yao na bunduki.

Ndipo Shamso akatunga utungo huu.

*Mwasema mmeua adui.*
*Adui gani ana ndama tumboni?*
*Vijana wa baba yangu, mmelala?*
*Damu inawaita, nanyi mwajifunika shuka.*

Kijiji kizima kiliushika. Habari zikamfikia inspekta, naye akaamuru Shamso aletwe uwanjani mchana, watu wote wakiwapo.

"Aimbe," alimwambia Jelle. "Kisha unieleze neno kwa neno."

Shamso aliimba mpaka mwisho. Wanawake wakafunika vinywa kwa shungi zao. Jelle alikuwa amelowa jasho.

"Afande," alisema kwa Kiswahili, "huu ni wimbo wa mapenzi. Mwanamke anamlilia mchumba wake. Ngamia wa mahari wamekufa, sasa anamwuliza mbona amelala, mbona haji kumwoa."

Inspekta akacheka. "Na huyo mchumba ni nani?"

"Ni mimi, afande."

Askari nao wakaangua kicheko. Shamso alikuwa ameuza maziwa miaka mingi sokoni Garissa, na Kiswahili alikielewa vizuri. Inspekta akamgeukia.

"Kweli, mama?"

Alitazama kaburi la baba yake ng'ambo ya waya, kisha akamtazama Jelle. Jelle alikuwa amefumba macho.

"Kweli," alisema.

Wakamwachilia. Lakini toka siku ile askari wa langoni walimwita bibi harusi kila alipopita kuteka maji, wakijaribu kuiga sauti yake. Wanawake wakaacha kuuimba utungo. Jirani yake Batula alimwambia waziwazi, "Tukiuimba sasa, wanacheka. Afadhali tunyamaze."

Jelle alipomjia, Shamso hakumkaribisha aketi.

"Wangekufunga, Shamso. Pengine wangekuua. Ulitaka niseme nini?"

"Sijui ulichopaswa kusema. Najua ulichosema. Baba yangu alikufa kwa ajili ya wale ngamia, nawe umewafanya kichekesho."

"Nilikuwa nakuokoa."

"Uliniokoa, nami nikakubali kwa mdomo wangu. Usidhani nimesahau sehemu yangu. Lakini siwezi kulala nyumba moja na mtu aliyeyafanyia maneno yangu hivyo. Nenda, Jelle."

Akaenda. Juma hilohilo aliacha kazi, akapanda lori la kwenda Wajir. Shamso hakuuliza habari zake, ila mashairi yalimkauka kabisa.

Miezi kadhaa baadaye alifika mfanyabiashara wa sukari kutoka Wajir, aitwaye Bulle. Akiwa anapimia watu, alikuwa akiimba wimbo kwa sauti ya chini. Batula akamshika mkono Shamso. Ulikuwa utungo wake, mzima, bila hata neno moja kupotea.

"Umeupata wapi?" Shamso aliuliza.

"Visimani. Watu wote wanaonywesha ngamia wanauimba. Aliuleta kijana mmoja, Jelle, akasema ni wa mwanamke wa Garissa aliyefiwa na baba." Bulle akapunguza sauti. "Walimkamata. Walipomwuliza maana yake, nasikia safari hii aliwaeleza yote, bila kuficha. Walipomwuliza mtunzi ni nani, akafunga mdomo. Walimpiga sana."

Shamso alisimama palepale, mfuko wa sukari mkononi, machozi yakimtiririka mbele za watu.

Mwishoni mwa mwaka vita vilikoma, na waliofungwa wakaanza kuachiliwa. Jelle alirudi Garissa amekonda, sikio la kushoto limekufa kwa kipigo. Alisimama mlangoni kwa Shamso bila kubisha, kama asiye na hakika.

"Nimekuja kukusalimu tu," alisema.

"Salamu hazitolewi mlangoni. Ingia."

Walioana siku chache baadaye, bila ngamia hata mmoja, sheikh na majirani wakiwa mashahidi. Walipobaki peke yao Shamso alianza kumsomea utungo mpya, wa kwanza tangu ule wa ngamia. Jelle aliinamisha kichwa, akijitahidi kusikia. Basi Shamso akanyamaza, akainuka, akazunguka na kuketi kuumeni kwake, upande wa sikio zima, kisha akaanza tena tangu mwanzo.