Kibuyu cha Afueni

Nchi ya Afueni ililala kati ya vilima vilivyonyolewa misitu na mto uliofundishwa kupita mbele ya kasri tu, na ilikuwa na matabibu wengi kuliko wagonjwa waliopona. Mtawala wake, Mtukufu Kizito, aliposikia majirani wakimcheka kwamba matabibu wake hawasikilizi watu, hakuwauliza watu. Aliagiza kipimo. Kila chumba cha tabibu kikapata mpimaji mwenye kibuyu, na kila tabibu alipoitikia kwa kichwa, au kumuuliza mgonjwa, "Na wewe mwenyewe waonaje?", mpimaji alidondosha punje ya kunde. Jioni vibuyu vilipimwa, na tabibu mwenye kibuyu kizito kuliko vyote akavishwa kilemba kwa ngoma. Sheria ilikuwa moja: mpimaji akifungua mdomo, ni kifungo.

Matabibu nao si wajinga. Haukupita muda wakawa wanaitikia huku wakiandika dawa, wanauliza huku wakimwita anayefuata. Kunde zikaadimika sokoni.

Mwatima alikuwa mpimaji wa Hamduni, tabibu aliyevishwa vilemba kuliko wenzake wote. Ndiye aliyemtibu Shekue, mume wa Mwatima, aliyelalamikia kifua akapewa dawa ya macho. Kibuyu kilijaa siku hiyo, na wiki haikuisha Shekue akazikwa. Mwatima alikuwa pale pembeni, kimya, na hajajisamehe mpaka leo.

Kisha Mtukufu akaugua. Hamduni aliitwa kasrini, na Mwatima nyuma yake. Mgonjwa alieleza kwamba mguu umekufa ganzi na weusi unapanda kuelekea gotini. Hamduni aliitikia mara ishirini, kalamu ikikimbia, akaandika dawa ya tumbo.

"Na wewe mwenyewe waonaje, Mtukufu?" aliuliza, tayari yuko mlangoni.

"Nimesema mguu," alisema Mtukufu. Mlango ulikwishafungwa. Akamgeukia Mwatima. "Wewe umenisikia?"

Mwatima alikuwa amesikia kila neno. Alimhurumia, na huruma ile ilimuudhi.

"Mwite arudi. Mwambie."

"Nikisema ni kifungo, Mtukufu."

"Naifuta sheria hiyo. Sasa hivi."

"Nani atasikia kwamba umeifuta?"

 Nje, wapiga ngoma waliokuwa wakingojea uzito wa kibuyu walianza kuita. Mwatima alidondosha punje ya mwisho, maana swali lilikuwa limeulizwa, akasimama, akaushika mlango. Ngoma zilipolipuka kumshangilia mgonjwa aliyesikilizwa kuliko wote Afueni, mdomo wa Mwatima ulionekana ukifunguka, ila alilosema halikumfikia mtu.