Wangare Ameshaingia

Jumatatu asubuhi Wamaitha alipanga foleni kwenye ofisi ya pasi mjini Nakuru, mtoto mgongoni, mara ya nne mwezi huo. Mwaka ulikuwa 1956, na Mkikuyu aliyetoka mji mmoja kwenda mwingine bila pasi alikuwa anajitafutia jela. Wamaitha alitaka kwenda Gilgil, safari ambayo kwa treni humalizi hata kumenya kikapu cha njegere.

Mtoto alikuwa na wiki sita. Alikuwa msichana wa pili, na msichana wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, kwa hivyo aliitwa Wangare. Yule Wangare mwingine, mkubwa, alikuwa Gilgil akichuma pareto kwenye shamba la mzungu. Alikuwa akikohoa tangu Krismasi na hajamwona mtoto.

"Sababu ya safari?" aliuliza karani.

"Nampelekea mama mtoto amwone."

"Hiyo si sababu. Kuna mtu amekufa?"

"Bado."

"Basi akifa, rudi," karani alisema, si kwa ubaya, akapiga muhuri wa kukataa.

Aliporudi kwenye nyumba za reli, Wamaitha alikuta chumba chao kina mlango wa pili. Ulikuwa wa kijani, kwenye ukuta wa nyuma, pale walipokuwa wakitundika sufuria. Sufuria zenyewe zilikuwa zimepangwa chini, kubwa kwa ndogo. Mumewe Naftaly, aliyekuwa akiunganisha mabehewa stesheni, alikuwa amekaa na chai yake akiutazama.

"Reli wametuongezea mlango," alisema. "Na sisi tuliomba dirisha."

Mlango ulikuwa umebandikwa karatasi. Wamaitha aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba ng'ambo ya hapo ni nchi nyingine. Mgeni anawe miguu kabla ya kuingia, abebe chakula alichopika mwenyewe, na aseme jina lake na jina la yule anayemfuata. Avae sweta, kwa maana alasiri kuna upepo. Chumvi isivuke mpaka. Mtu mmoja asiingie mara mbili kwa siku. Pasi haiulizwi.

"Nchi isiyouliza pasi haina mpango," Naftaly alisema. "Makarani wao wanashinda wakifanya nini?"

Jumatano akapita Kipketer, gadi wa treni ya mizigo. Yeye pasi haikumhusu, hakuwa Mkikuyu, kwa hivyo ndiye aliyebeba salamu zote za nyumba za reli.

"Mama yako anasema na yeye amepata mlango," alisema. "Wa kijani, nyuma ya kitanda. Anauliza kama viatu ni lazima."

"Mwambie anawe miguu tu. Avae sweta, apike, asitie chumvi. Jumamosi saa nane."

Kipketer aliyaandika hayo kwenye karatasi ya mizigo, chini ya magunia ya mahindi, ili asisahau.

Jumamosi Wamaitha aliponda mukimo wa viazi na njegere na kumfunga mtoto mgongoni. Naftaly alibaki na Njoki, binti yao wa kwanza. Tangu mtoto mdogo azaliwe, Naftaly alikuwa hajamwogesha hata siku moja, akisema mtu haogeshi mama mkwe. Sasa alivua kofia.

"Safari njema, mama," alimwambia mtoto. "Na wewe, mama Njoki, msalimie mama."

"Yupi?"

"Wote."

Upande wa pili kulikuwa na uwanja wa majani mafupi na meza moja. Nyuma ya meza mwanamke alikuwa akifuma sweta, daftari mbele yake. Milango ya kijani ilikuwa miwili, sambamba, kama ya vyoo vya stesheni.

"Jina?"

"Wamaitha. Namfuata Wangare."

"Na huyo mgongoni?"

"Wangare."

Mwanamke aliandika: Wangare, ameingia. Mlango wa pili ukafunguka, na mama akatokea na bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, miguu mitupu, safi, sweta limefungwa mpaka shingoni.

"Jina?"

"Wangare."

Mwanamke alipitisha kidole kwenye daftari. "Wangare ameshaingia. Haingii mara mbili."

Wamaitha alisogea mpaka ukingo wa meza, kama Jumatatu mbele ya muhuri. Mama alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. "Afisa, kwetu msichana wa pili ni mama wa mama yake," Wamaitha alisema. "Si kwamba wanafanana. Ni yeye." Hapo hapo akaona ameharibu zaidi.

"Ni wawili au ni mmoja?" afisa aliuliza.

Wamaitha alifungua mdomo aseme wawili. Mama alimtangulia.

"Ni mmoja," alisema. "Sijatoka Gilgil kuja kujikana mpakani."

Afisa alirudia sindano zake. "Kama ni mmoja, huwezi kuingia. Uko ndani tayari. Pita ukakae."

Wakakaa. Mama alimpokea mtoto, akakagua masikio, akahesabu vidole, akapima paja kwa kiganja. "Nimenona," alisema, akaridhika. Alikohoa mara mbili. Walikula mukimo na githeri mpaka upepo ulipokuja, kama ilivyoandikwa.

"Mnaweza kutoka kwa mlango wowote," afisa alisema wakati wa kufunga.

Mama aliutazama mlango wa Nakuru. "Nikitokea huko bila pasi watanishika nikienda kuchota maji," alisema. Akarudi Gilgil kwenye pareto.

Jumatatu Wamaitha alipanga foleni, pindo la gauni likiwa limeshika majani ya kule.

"Sababu ya safari?"

"Nampelekea mama mtoto amwone."

"Mpaka leo hajamwona?"

"Alimwona Jumamosi. Nchi nyingine."

"Nchi nyingine nenda tu," karani alisema. "Gilgil ndiyo inataka pasi." Akapiga muhuri ule ule.

Wamaitha alikunja karatasi, akapitia sokoni kutafuta viazi vya Kuresoi, kwa sababu Wangare alilalamika kwamba vile vya Jumamosi vilikuwa na maji. Wangare yule mwenye meno.