Kura za Kituo cha Shule

Jimbo lilikuwa limekufa miaka mitatu, limegawanywa kwa majimbo jirani kama nguo za marehemu, ndipo wakubwa wakakumbuka kutaka historia yake. Chaguzi tano, kurasa mbili, Ijumaa ziwe mezani. Kazi akatupiwa Karani, kwa sababu zote tano alizifanyia kazi yeye, na alibakiza miezi minne astaafu.

Aliyafungua maboksi kwenye stoo isiyo na dirisha. Uchaguzi wa kwanza, mwalimu alipita bila kupingwa. Wa pili, mwalimu yule yule, ila sasa watu wananung'unika. Wa tatu, mwenye mashine ya kusaga alimshinda fundi seremala kwa kura tisini na saba, na tangu siku hiyo mji mzima ukamwita seremala Mheshimiwa Nusura.

Kwenye bahasha ya kituo cha shule ilikuwamo karatasi ya vijiti, vile vijiti vinavyochorwa kila kura inaposomwa. Karani akavihesabu kwa kidole. Seremala, mia mbili kumi na mbili. Mwenye mashine, arobaini. Akaitazama fomu ya matokeo, mwandiko wake mwenyewe, umenyooka kama wa cheti. Ilisema kinyume chake: seremala, arobaini.

Akalijua kosa papo hapo. Siku mbili kabla ya kura mgombea wa tatu alijitoa, orodha ikapangwa upya. Yeye hakuwa amelala siku mbili, mkono ukajaza kwa mpangilio wa zamani. Na mawakala? Wale walishatia sahihi fomu ikiwa tupu, kama walivyozoea, wakaenda zao kulala. Ndivyo kazi ilivyofanyika miaka yote. Karani aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Tena seremala si mtu baki. Mwanawe amemwoa binti wa Karani, wana wajukuu wawili. Bosi alipoambiwa akapiga miayo, akasema andika za kwenye fomu, la sivyo utastaafu na kesi. Maji yakimwagika hayazoleki, akaongeza. Methali ni tamu maji yasipokuwa yako.

Jioni Karani akajikokota hadi karakana, akamkuta mwenzake anapiga randa mlango. Akasema yote kwa mkupuo mmoja, akamalizia kwamba kiti kilikuwa chake.

"Mzazi mwenzangu, kiti achana nacho," seremala akasema. "Jimbo lenyewe halipo. Kituo cha shule umesema ngapi?"

"Mia mbili kumi na mbili."

Seremala akaketi juu ya mbao. Hicho kilikuwa kituo cha mtaani kwake wakati ule, na ile arobaini ndiyo iliyomfanya ahame. Miaka kumi na sita aliamini kwamba majirani aliowatengenezea vitanda na majeneza walimchekea usoni wakampa mgongo kwenye sanduku la kura. Hakuitikia salamu zao. Hakukanyaga misiba yao. Mama yake alipofariki, hakuwapa habari.

"Mwaka juzi mama mshonaji wa mtaa ule alikuja hapa, anaumwa, kashika fimbo," akasema. "Akaniambia, mwanangu, sisi tulikupigia. Nikamwambia atoke na uongo wake."

Karani alikuwa kwenye mazishi ya mshonaji huyo. Baadaye akauliza kama aziandike kura za kweli.

"Ziandike."

Seremala akajipangusa vumbi, akavaa shati, wakatoka pamoja kwa miguu kuelekea mtaa wa zamani. Walikwenda taratibu, wazee wawili waliochoka. Mtaa haukuwa umebadilika sana. Kwenye mlango wa kwanza, mlango alioutengeneza mwenyewe, seremala aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena. Haukwenda.

Karani akampita mbele, akapiga hodi, na mlango ulipofunguka akasema kwamba yeye ndiye mwenye kosa.