Besi ya Papa Jean-Berchmans

Noella alikuwa amezoea kusifiwa. Studio yake ilikuwa chumba kimoja tu pale Kimanga, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro, lakini korali nyingi za Uvira na za bonde la Ruzizi ziliujua mlango wake. Kwa hiyo Mama Domitille alipomaliza kusikiliza wimbo waliourekodi hapo na kuvua kaske masikioni, Noella alitega sikio kusubiri sifa.

"Haiko mubaya," alisema Mama Domitille, kiongozi wa korali moja ya Runingu, akichagua maneno kama anayechagua nyanya sokoni. "Ila sauti zetu ziko baridi. Ni kama tuliimbia ndani ya frigo."

Mumewe, Papa Jean-Berchmans, mkulima wa mpunga mwenye kifua kipana, alikuwa na lake pia. Yeye ndiye aliyeimba besi. Nyimbo zao zikichezwa kwenye telefone, na kule kijijini karibu wote husikiliza kwenye telefone, sauti yake haisikiki hata chembe.

"Minye nasemaka anafungua kinywa tu, kama samaki mukeke," mkewe alicheka.

"Ninaimba," alijibu Papa Jean-Berchmans, kwa sauti nzito iliyotikisa kijiko ndani ya kikombe. "Ninaimba kabisa."

Walikubaliana warudi Jumamosi.

Walipoondoka tu, Noella alimpigia binamu yake Clovis, mpiga gitaa ambaye kila mara alikuwa na dawa ya kila kitu. Clovis alifika na kompyuta yake kwapani.

"Yaya," alisema, kwani Noella alikuwa dada mkubwa kwake, "iko plagini moja, kaprogramu ka kompyuta, ya bure. Inaiga zile mashine za zamani za kanda. Inachafua sauti kidogo, njo inaleta joto."

"Inachafua? Mie kazi yangu ni kusafisha!"

"Jaribu kwanza."

Waliipakua. Ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kuzungusha, basi. Noella alikizungusha mpaka mwisho, na korali nzima ikatoka kama mchuuzi mwenye megafoni ambayo betri zinakata roho. Walicheka mpaka Clovis akashika ukuta. Kisha Noella akakirudisha nyuma, polepole, polepole zaidi, na mahali fulani karibu na mwanzo akasimama.

Sauti zilikuwa zimenona. Hakukuwa na neno lingine. Wale akina mama waliokuwa wamesimama mbali wakawa wamesogea karibu, bega kwa bega, kana kwamba mtu amewasha mbabula ya makaa katikati yao.

"Clovis," alinong'ona. "Clovis, sikia."

Kuanzia hapo akashikwa na wazimu wa furaha. Akaiweka kwenye ngoma. Akaiweka kwenye gitaa, kwenye kayamba, kwenye makofi. Akaiweka hata kwenye ujumbe wa sauti wa shangazi Anne, aliyekuwa akimgombeza Clovis kwa kutomtembelea, na shangazi akasikika kama mtangazaji wa redio wa enzi za babu. Noella alicheza peke yake katikati ya waya, viatu pembeni.

Walitoka kunywa chai. Waliporudi na kusikiliza upya, walitazamana.

"Hii ni korali," aliuliza Clovis, "ao ni mandazi yanakaangwa?"

Noella alirudi kwenye kiti chake. Clovis akamfumba macho kwa kitambaa, akamchezea kila chombo mara mbili, chenye plagini na kisicho nayo, akihakikisha vyote vina nguvu sawa. Ndipo Noella alipogundua kwamba mara nyingi alichokipenda ni kelele tu, maana kitufe kile kilikuwa kinapandisha sauti pia. Akaiondoa kwenye ngoma, kwenye gitaa, kwenye kayamba, kwenye makofi. Akaiacha kidogo kwenye sauti za akina mama. Alipofika kwenye besi, akaiongeza zaidi, kisha akaucheza wimbo kwenye telefone ya Clovis.

Wote wawili walipiga kelele. Mapendo, msusi wa jirani, alikuja mbio na kitana mkononi akidhani ni nyoka.

"Anasikika!" Noella alimrukia Mapendo shingoni. "Mzee anasikika!"

Kaspika kadogo ka telefone hakawezi kubeba sauti za chini kabisa; plagini ilikuwa imezivisha sauti nyingine za juu zinazoweza kupita pale, na sikio linamalizia lililobaki. Mapendo hakuelewa kitu, lakini alicheza nao.

Jumamosi korali ilijaa chumbani hadi kizingitini. Noella hakumpa mtu kaske. Aliutuma wimbo kwenye telefone ya Mama Domitille na kumwambia abonyeze mwenyewe.

Kwenye telefone, akina mama waliimba. Mama Domitille alifumba macho. "Aa! Sasa tuko bantu."

Kisha kiitikio kikaingia, na chini yake, ndani ya telefone ile ndogo, ikanguruma sauti ya mwanamume. Mama Domitille alifumbua macho na kumtazama mumewe, ambaye kinywa chake kilikuwa kimefungwa.

"Ni weye?"

"Ni minye."

"Weye, Jean-Berchmans?"

"Kwani iko besi mwingine?"

Papa Jean-Berchmans aliichukua telefone, akaiweka sikioni kama aliyepigiwa simu na mtu muhimu. "Rudisha," aliomba. Walirudisha. Safari hii akaimba juu yake, Jean-Berchmans wawili kwa mpigo, trei za mayai zikitetemeka. Mama Domitille alikaa chini kwa kicheko, kitenge machoni.

"Wakati wote ule ulikuwa unaimba!"

"Si nilikuambia?"

Wateja wa Mapendo walitoka nje na nusu ya misuko kichwani, wakacheza mbele ya mlango. Papa Jean-Berchmans, jasho likimtiririka, alimgeukia Noella. "Mwana wangu, wimbo unaofuata, unaweza kuanza na besi peke yake?"

"Unaweza!" alisema Noella kabla hata hajafikiri.

"Yoo, mumeniharibia muntu!" Mama Domitille alilalamika kutoka sakafuni. "Huyu hatanyamaza tena!"

Noella alitega mikro, akabonyeza kurekodi, akainua mkono kuwapa ishara waanze. Mkono ulibaki hewani, maana kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, alikuwa bado anacheka.