Mistari Mitano ya Baba Mkwe

Misimu miwili mfululizo nyanya zangu zilinyauka zikiwa bado kijani. Ugonjwa ulikuwa udongoni. Baba mkwe akakata shauri: zikifa mara ya tatu, shamba linakwenda kwa fundi matofali, achimbe udongo wake. Yule fundi kila akipita alinipa pole kama nimefiwa. Nilimchukia waziwazi.

Nikamsikiliza bwana shamba. Nikamwagilia udongo ukalowa, nikaufunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, kingo nikazifukia. Wiki sita za jua kali. Ukitia mkono chini yake, unautoa mbio. Majirani waliuliza kama napika shamba. Nikawaambia ndiyo, na hawajaalikwa. Bwana shamba alinionya jambo moja tu: joto huua ugonjwa ulio karibu na juu. Ukishafunua, usilime kwa kina, utapandisha uliolala chini.

Nilifunua jioni. Asubuhi, nikiwa nyumbani natoa miche, nikasikia trekta shambani.

Nilikimbia peku. Baba mkwe alikuwa kwenye usukani, anatabasamu, plau imezama. Alitaka kunisaidia! Mistari mitano ilikuwa imeshapinduliwa.

"Baba, simama!"

Hakusikia. Miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi hata kumkatiza maneno. Nikaenda kusimama mbele ya trekta. Ilikuja mpaka nikahisi joto la injini usoni.

"Zima! Zima, baba, utaniua!"

Akazima. Akashuka polepole.

"Umenifokea, mkwe wangu."

"Nimekufokea, baba. Nisamehe. Lakini umepandisha ugonjwa."

Nikamweleza onyo la bwana shamba. Akautazama udongo mbichi uliotoka chini.

"Mbona hukuniambia?"

Nilimwambia mume wangu, nikadhani yatamfikia.

"Basi hiyo mitano ni yangu," baba mkwe akasema. "Usiiguse. Nitapanda mwenyewe."

Wiki ya saba baada ya kupanda, miche yake ilianza kulegea mchana, kisha ikafa ikiwa kijani. Mistari yangu niliikagua mara nne kwa siku, nimebana pumzi, nikitafuta jani moja lililolala. Sikuliona.

Fundi matofali alipopata habari za miche iliyokufa, alikuja na kamba ya kupimia. Alimkuta baba mkwe amepiga magoti, anaing'oa mmoja mmoja.

"Mzee, tuanzie upande gani?"

Baba mkwe hakuinua kichwa. Alininyooshea kidole chenye udongo.

"Muulize mwenye shamba."