Upepo wa Lori la Chelimo

Chelimo alikuwa ametoka Londiani kumwuguza dada yake, na hata mkoba hajauweka chini alipoona lori lake limerefuka. Lilikuwa uani pale pale alipoliacha, lakini kichwa chake sasa kiligusa waya wa nguo, na shati la kanisani la mumewe lilikuwa limelalia kioo cha mbele.

"Baba Kiplimo," aliita, "hii lori imefanywa nini?"

Kimeli, mumewe, alitoka jikoni na kikombe cha chai mkononi, uso umemchangamka kama wa mtu aliyeleta zawadi. Akalizunguka lori akigongagonga tairi kwa ncha ya gumbuti. Zilikuwa tairi mpya, pana, kubwa kuliko zile za zamani, zenye meno marefu ya kung'ata tope. Alisema amechoka kusikia kila msimu wa mvua kwamba lori limelalia tumbo huko Sosiot na maziwa ya watu yanagandia njiani.

Mwenye kuliendesha lori hilo alikuwa Chelimo. Kila asubuhi alipita kwa wafugaji akikusanya mitungi ya maziwa na kuipeleka kituo cha kupozea, karibu na barabara ya Kericho. Kimeli yeye alishughulika na majani chai yao, na wakati uliobaki alishughulika na maoni. Chelimo alitaka kukasirika kwamba hakuulizwa, lakini tairi zenyewe zilikuwa nzuri, na ni kweli tope lilikuwa limemtesa.

"Na upepo umeweka ngapi?"

"Mia moja. Si ndiyo tunawekanga siku zote?"

Kesho yake alijuta kwamba hakuuliza zaidi. Lori lilirukaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kila jiwe la barabara ya changarawe lilimpanda Chelimo mgongoni mpaka shingoni. Kwenye mteremko wa mtoni, pale palipolowa, lori lilikwenda upande kwa upande licha ya meno yote yale, naye akashika usukani kwa mikono miwili huku akiomba kwa sauti. Nyuma mitungi iligongana, vifuniko vikaruka, na alipofika kituoni maziwa yalikuwa yakichuruzika mlangoni mwa bodi, lile sanduku la nyuma.

Tecla, mpokeaji wa maziwa, alichungulia ndani ya mtungi mmoja akaona povu na vidonge vya mafuta vinaelea.

"Mama Kiplimo, leo umetuletea maziwa ama siagi?"

"Tecla, usinianze."

Alipokuwa akirudi aliingia kituo cha mafuta. Zack, aliyetia upepo pale, alimsikiliza mpaka neno "tairi kubwa" basi, hakungoja lingine. Tairi kubwa inataka upepo mkubwa, alisema, hiyo iko wazi, na kabla Chelimo hajashuka vizuri alikuwa ameshatia mia na kumi. Siku iliyofuata lori halikuruka tena kama mbuzi. Liliruka kama kitu kilichokusudia kumwua. Chelimo aliuma ulimi mara mbili, na Tecla alimwambia kwamba wafugaji wameanza kulalamika maziwa yao yanapimwa pungufu.

Jioni alimweleza Kimeli.

"Hiyo ni kwa sababu bado ni mpya," alisema Kimeli. "Zitalainika."

"Mgongo wangu ndio utalainika kwanza."

Basi Chelimo akalipeleka lori kwa Obure, fundi wa pancha pale sokoni. Obure alipiga kila tairi nyundo, akatega sikio kama daktari, akatangaza kwamba zimefura. Akabonyeza vali na kuacha upepo ukitoka, akipiga nyundo, akisikiliza, akitoa tena, mpaka geji ikasoma arobaini. Chelimo aliuliza kama hiyo si kidogo mno. Obure alicheka. "Mama, tope inataka tairi imelala. Enda ujaribu."

Alijaribu, na kwa kweli asubuhi ile alifurahi. Lori lilitulia kama kiti cha sebuleni. Kule mtoni lilipanda tope bila kelele, mitungi ikakaa kimya, naye akaanza hata kuimba. Alijaza bodi lote, akaingia kwenye lami, akakanyaga mafuta.

Hakufika mbali. Harufu ilianza kama ya mtu anayechoma viatu shambani, akafunga dirisha. Harufu ikazidi. Alipoona kwenye kioo cha pembeni moshi mwembamba unatoka nyuma, aliegesha ukingoni mwa shamba la chai, akaruka chini. Tairi pacha za upande wa kushoto zilikuwa zimebonyea chini ya uzito mpaka mbavu zake zikawa zinasuguana. Aliweka kiganja, akakiondoa upesi. Zilikuwa moto kama chapati inayotoka kwenye kikaango.

Hakuthubutu kuondoka. Jua lilikuwa limepanda, maziwa yako nyuma, na kila gari lililopita lilipiga honi kana kwamba yeye hajui amesimama. Akampigia Kimeli simu.

Kimeli alikuja na pikipiki ya kukodi. Akainama, akatazama tairi, akanusa, akasimama na kujifuta mikono ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Si nilikuambia mia?"

Chelimo hakuwa mtu wa kelele. Lakini siku hiyo wachuma chai waliokuwa mbali kwenye mistari walisimama wima kutazama.

"Mia! Wewe unasema mia, Zack anasema mia na kumi, Obure anasema arobaini, na nikisimamisha ng'ombe barabarani pia atanipa namba yake! Kila mtu ako na namba! Kuna mmoja ameniuliza nimebeba nini? Mmoja tu? Wewe ulibadilisha tairi ukaacha upepo wa tairi ya zamani, kama mtu amenunua viatu kubwa akafunga kamba kwa kipimo ya ile ya kwanza!"

 Kimeli alisema kwa sauti ndogo, "Sasa nani anajua?"

"Aliyekuuzia. Mpigie."

Aliyewauzia alikuwa Steve, mwenye duka la tairi mjini Kericho. Chelimo aliweka simu kwa sauti ili wote wawili wasikie. Steve hakutoa namba. Aliuliza lori likijaa lina uzito gani mbele, na nyuma gani. Hawakujua. Basi alisema kwamba tairi kubwa ina nafasi kubwa ya upepo, kwa hiyo hubeba mzigo ule ule kwa presha ndogo kuliko ile ya zamani. Ukiizidisha inakuwa ngumu, inakanyaga kwa katikati tu, inateleza. Lakini ukipunguza kupita mzigo wake, mbavu zinajikunja, zinapata moto, na siku moja inapasuka ukiwa kwa mteremko. Wakapime kwanza kwenye mizani, kisha wampigie.

"Na mbona hukusema haya ukiuza?" Chelimo aliuliza.

"Mama, nilitaka kusema. Mzee akaniambia anajua."

Kimeli aligeuka akatazama mawingu.

Walingoja tairi zipoe, wakaenda polepole kando ya lami mpaka kituoni, taa za dharura zikiwaka. Tecla alipima maziwa, akatikisa kichwa. Mitungi ya mwisho ilikuwa imeanza kuchacha. Siku hiyo Chelimo alirudi kwa wafugaji mmoja mmoja na mitungi yao, akiomba radhi, na safari hii alimtaka Kimeli ashuke naye kila mlango. Kwa Chepkemoi, mwenye ng'ombe wawili tu, Kimeli ndiye aliyezungumza. Alisema kosa ni lake, tairi alizibadilisha yeye bila kuuliza. Chelimo alishangaa, lakini hakumsaidia.

Kesho yake Kimeli aliazima mashine ya upepo, wakajaza tairi kiasi cha kutembea salama. Baada ya kukusanya maziwa walipita kiwanda cha majani chai penye mizani, wakaomba wapimiwe, kwanza magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma. Steve aliposikia uzito alisema mbele wasishuke chini ya sabini na tano, kwa sababu huko mzigo unabebwa na tairi mbili. Nyuma ziko nne zinagawana, sitini na tano inatosha. Na wapime asubuhi, kabla lori halijatembea, kwa sababu tairi ikishapata joto geji inadanganya.

Wakafanya hivyo asubuhi iliyofuata. Kimeli alichora mstari wa chaki kwenye meno ya kila tairi, toka ukingo hadi ukingo, Chelimo akaendesha kidogo kwenye lami, wakashuka kutazama. Chaki ilikuwa imefutika sawasawa, katikati na pembeni, yaani tairi ilikanyaga kwa upana wake wote. Kule mtoni lori lilipita bila kuteleza, na kwenye lami tairi zilikuwa na vuguvugu tu. Tecla alifungua mitungi yote, akasema, "Leo ni maziwa."

Mtu angefikiri hapo Chelimo angepata amani. Lakini wiki haikuisha kabla hajafika nyumbani na kumkuta Kimeli getini na dereva wa lori la kuni kutoka Sotik, lori limejaa magogo mpaka juu.

"Sabini na tano mbele," Kimeli alikuwa akisema, amejishika kiuno kama mwalimu, "na sitini na tano nyuma. Mimi nimefanya utafiti."

Chelimo alizima injini, akaweka kichwa kwenye usukani kwa muda. Kisha akafungua mlango.

"Baba Kiplimo! Usimpe namba! Mwulize amebeba nini!"

Dereva wa kuni aliwatazama wote wawili. "Lakini mama," alisema, "si uniambie tu ngapi?"