Pipa Lisilovuja

Babu wa baba yangu alikuwa mhunzi, na watu walimwita Pigo Moja, kwa kuwa hakuwa na haja ya pigo la pili. Mwanawe akawa mfua bati, na ndoo zake zilirithiwa kama watu wanavyorithi vito. Baba yangu mzazi alitengeneza matangi ya maji ya shule na zahanati. Siku ya maziko yake, watu watatu wasiojuana walisimama kushuhudia kwamba tangi alilomtengenezea kila mmoja wao miaka thelathini nyuma halijadondosha hata tone. Mimi ni wa nne katika safu hiyo, na nimeshika mkasi wa bati miaka arobaini na sita. Hatukupata kuwa matajiri, wala hakuna aliyewahi kutuita waheshimiwa, lakini mtu akitaja karakana yetu hutaja pia kanuni yake: chombo chetu hakivuji.

Naanza na hayo ili msomaji asidhani kwamba kosa nitakalolisimulia lilifanywa na fundi mbovu. Lilifanywa na fundi mzuri, na hapo ndipo penye uchungu.

Mjukuu wangu wa kwanza tunamwita Siafu, maana tangu utotoni hajui kukaa kitako. Ana miaka ishirini na minane. Miaka mitano ya ujana wake aliuza vitambaa katika duka la shangazi yake, akinyauka kama mche uliopandwa kivulini, hadi mwaka jana alipokodi chumba kimoja kando ya barabara na kuanza kuuza kahawa. Hununua buni mbichi, huzikaanga mwenyewe kwa kikaango, huzisaga na kuwapikia wapita njia.

Jumatatu moja asubuhi alinikuta karakanani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama shati la kapera?"

Hakucheka. Alifungua kiganja akanionyesha punje za kahawa. Nyingine zilikuwa nyeusi kama mkaa, nyingine zimepauka kama mbao.

"Kikaango hakinisaidii tena," alisema. "Nikisubiri hizi ziive, zile zinaungua. Na mkuu wa jiko wa chuo cha ualimu anataka kahawa ya ukumbi wao wa chakula, kila wiki, mwaka mzima. Nimpelekee kifurushi Jumamosi saa nne. Ameniambia atazimwaga kwenye sahani nyeupe, na zisipofanana rangi nisirudi."

"Na usiporudi?"

"Chumba nakifunga, babu. Wapita njia peke yao hawatoshi. Nitarudi kwa shangazi kupima vitambaa."

Nilimtazama. Alisema neno "vitambaa" kama mtu atajaye ugonjwa.

"Zinahitaji kuzungushwa bila kupumzika," nilimwambia. "Nitakutengenezea pipa."

Jumanne nilianza kazi. Nilichagua bati jeusi la chuma, maana bati lililopakwa zinki likipata moto hutoa moshi wenye sumu, na halifai kukaribia chakula. Nililikunja juu ya bomba nene hadi likawa mviringo wa upana wa dhiraa moja kasoro kidogo, nikaufunga mshono kwa ribiti kumi na nane. Ndani nilitia mapezi matatu ya kuzinyanyua punje na kuziangusha. Jirani yangu, fundi baiskeli, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko pampu yake, alinipa beringi mbili za kuubeba mhimili. Ncha moja nikatia mkono wa kuzungushia. Kwenye mduara wa mbele nikakata mlango, na ukingo wake nikaukunja mara mbili ili ushike barabara.

Jumatano lilikamilika. Nikafanya kama tulivyofanya siku zote: nililisimamisha mlango ukiwa juu, nikalijaza maji, nikaufunga, nikalining'iniza kwenye ndoana na kutandaza gazeti chini yake. Saa nzima gazeti lilibaki kavu.

Fundi baiskeli alichungulia. "Mzee, hapo unakaanga kahawa au unafuga samaki?"

"Wewe funga mdomo ufungue tairi."

Siafu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akifungua kinywa, kisha akakifumba na kuanza kufagia. Niliona, nami sikuuliza.

Alikuwa na buni kilo tatu, zote za daraja moja kutoka kwa mkulima mmoja, na nyingine zisingefika kabla ya wiki iliyofuata. Alhamisi tuliweka kilo ya kwanza juu ya jiko la gesi, yeye akazungusha, mimi nikasimamia moto. Pipa lilizunguka bila kukwaruza, kimya kama kanisa siku ya kazi. Tulingoja ule mlio wa punje kupasuka, ambao humjulisha mkaangaji kwamba kahawa imeanza kuiva. Hatukusikia kitu. Nilipofungua mlango, mvuke wenye moshi ulinipiga usoni hadi miwani ikaingia ukungu. Punje zilikuwa na rangi moja, ni kweli, lakini rangi yenyewe ilikuwa ya kijivu iliyofifia. Alizisaga akapika. Ilinuka kitambaa cha jikoni kilicholowa kisha kikaungua.

"Moto ulizidi," nilisema.

Ijumaa asubuhi nilipunguza moto tukatia kilo ya pili. Ikatoka mbaya kuliko ya kwanza.

"Unazungusha kama unabembeleza mtoto mchanga!" nilimkaripia. "Mkono uwe na nguvu!"

Siafu aliuacha mkono wa pipa. Alikaa juu ya kigoda, akaiweka kilo ya mwisho mapajani na kuikumbatia. Hakulia. Afadhali angelia.

"Babu," alisema, "pipa halipumui. Buni zina maji ndani, na zikipata moto zinatoa moshi. Vyote viwili havina pa kutokea. Hatukaangi, tunachemsha kwa moshi."

"Umelijua hilo lini?"

"Juzi. Ulipolijaza maji."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesemaje? Ni wewe uliyetufundisha, mimi na baba na baba wadogo, kwamba mkono wa mzee ulioshika nyundo hausahihishwi. Tungoje aiweke chini."

"Basi ungengoja niiweke chini."

"Nimengoja, babu. Tangu Jumanne hujaiweka."

Nilitazama mkono wangu wa kulia. Nyundo ilikuwamo.

Niliiweka juu ya meza. Nakiri kwamba haikuwa rahisi. Kanuni hiyo nilipewa na baba, naye alipewa na babu, na wakati wa kufunga mshono ina maana yake, kwa sababu neno moja huweza kuupotosha mkono. Lakini mimi niliitumia kama mlango, nikajifungia ndani, nikazichoma kilo mbili za jasho la mtoto huku yeye akinitazama kwa adabu.

"Matundu mangapi?" nilimwuliza.

Alinitazama kama aliyesikia mbuzi akisalimia.

"Kumi na mawili yatatosha. Sita mbele, sita nyuma, karibu na mhimili. Yawe madogo kuliko punje."

Nilichukua keekee. Katika maisha yangu sikuwahi kutoboa chombo kilichokwisha kupita mtihani wa maji. Kwenye tundu la kwanza ncha ya keekee iliteleza ikaacha mkwaruzo mrefu. Fundi baiskeli, ambaye masikio yake hayana likizo, alitokea papo hapo.

"Jamani, mzee anatoboa! Nikuletee kiraka na gundi?"

"Ukileta, nitaanza na mdomo wako."

Alicheka, lakini alikaa akalishikilia pipa lisiyumbe hadi tundu la mwisho.

Alasiri tuliweka kilo iliyobaki. Safari hii mimi ndiye niliyezungusha, na Siafu alisimama karibu na matundu, akinusa. Kwanza ulitoka mvuke wenye harufu ya nyasi, kisha harufu ya mkate. Moshi mwembamba ulitoka taratibu ukapita dirishani.

"Punguza mwendo, babu. Hivyo hivyo."

Nilitii. Ndipo punje zikaanza kulia, moja moja, kisha kwa kundi, kama bisi sufuriani. Nilitaka kuzima gesi.

"Bado."

Nikangoja.

"Bado, babu... Sasa!"

Tulizimwaga kwenye chekecheke pana, fundi baiskeli akazipepea kwa kipande cha boksi bila kuombwa. Zilikuwa na rangi ya ngozi ya kiatu kipya, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Jumamosi nilimsindikiza chuoni. Mkuu wa jiko alikuwa mama mnene wa aproni nyeupe, asiye na tabasamu la bure. Alizimwaga kwenye sahani, akazitawanya kwa ncha ya kalamu, akatenga mbili zilizopauka.

"Na hizi?"

"Hizo zilivunwa kabla ya kukomaa," Siafu alijibu bila kutetereka. "Hakuna moto utakaozikomaza. Nilipaswa kuzichambua, sikuziona."

Mama yule alitafuna moja nzuri, akatafuna nyingine.

"Nani alikaanga?"

"Babu yangu," alisema Siafu.

"Si kweli," nilisema. "Mimi nilizungusha. Mkaangaji ni huyu."

"Basi mkaangaji," alisema yule mama, akiifunika sahani, "uanze Jumatatu."

Nimeifuta kanuni ya nyundo katika karakana yangu, na mpya nimeiandika kwa chokaa juu ya meza ya kazi. Nanyi vijana wa ukoo huu, na wengine wowote mtakaosoma, itieni moyoni. Ukimwona mzee wako anakosea, mwamkie, mwombe radhi, kisha sema, tena sema mapema, buni zingali kilo tatu. Akikukaripia, sema tena. Kijana atakayeona kosa langu akalinyamazia na kujiita mwenye heshima, asiingie kwangu. Nimesema, na sitarudia.